Mlolongo wa Wenye Hisa Mia Mbili

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana mtaa mzima wa Ruring'u hapa Nyeri unalijua, na nikilificha watanicheka mara ya pili. Mimi Gathogo, mwalimu mstaafu wa somo la biashara, niliyewafundisha watoto wa watu maana ya kampuni, hisa na kura kwa miaka thelathini na mmoja, nilimwambia jirani yangu mbele ya watu kwamba hajui anachosema. Na kweli alikuwa hajui. Lakini hakukosea. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja, na hilo sikuwahi kulifundisha.

Jirani mwenyewe ni mwanamke wa miaka sitini na saba, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alizaliwa Mukurweini na akafanya kazi huko huko kama karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Alipostaafu alihamia hapa Ruring'u, kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe karibu na uwanja wa michezo. Jina lake la kuzaliwa ni Wakiuru, ila huku kwetu mwanamke akishazaa jina hilo huwekwa kando. Tangu alipompata mtoto wake wa kwanza na wa pekee, yeye amekuwa Mama Wendy, sokoni, kanisani, na hata kwenye kadi za harambee.

Karani wa mizani si mtu mdogo. Wakati wa mavuno wakulima hupanga foleni na kahawa yao, mwenye magunia kumi nyuma ya mwenye debe moja, na kila mmoja hupimiwa akiona kwa macho yake. Mama Wendy alikuwa akisoma kilo kwa sauti, na hakuna aliyewahi kumnong'oneza kitu. Na mkutano mkuu wa chama ulipofika, kura zilipigwa kwa mlolongo: watu wanasimama nyuma ya wamtakaye, wanahesabiwa vichwa. Tajiri kichwa kimoja, maskini kichwa kimoja. Hiyo ndiyo shule aliyosomea siasa yake yote.

Sasa tuje kwenye hisa. Miaka ya tisini shirika moja la ndege lilianza kuuza hisa kwa umma. Jina lake nitaliacha, kwa sababu lina wanasheria wengi kuliko marubani. Mwaka huo kahawa ilikuwa imelipa vizuri, na maofisa walizileta fomu mpaka kiwandani. Wakulima ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa ndege walinunua hisa mia mbili mbili, kiasi cha chini kabisa kilichoruhusiwa. Mama Wendy ndiye aliyewajazia fomu juu ya meza ya mizani, mmoja baada ya mwingine, kisha naye akajinunulia mia mbili. Nilimuuliza siku moja sababu. Akasema Wendy alikuwa na miaka mitano, na kila ndege ilipopita juu ya mashamba alikuwa anaacha chakula na kutoka nje kuitazama.

Msichana huyo hakuacha kutazama. Alisoma, akafunzwa kazi katika karakana ya shirika lile lile huko Nairobi, na leo ni fundi wa ndege mwenye leseni. Yaani ndege ikifunguliwa mbavu zote na kufungwa tena, hairuki mpaka mtu kama Wendy aandike jina lake kwamba iko sawa. Mara ya kwanza alipotia sahihi hiyo, mamake alichinja mbuzi na kutualika sote, nami nikatoa hotuba ndefu hata nyama ikapoa. Kila mwaka karakana hiyo huwachukua vijana arobaini kuwafunza kazi, na kila mwaka hawakosi wawili au watatu kutoka vyuo vya ufundi vya pande hizi.

Mwaka jana shirika likaishiwa pumzi. Ndege zilikuwa zimezeeka na mpya hazikuja. Ndipo akatokea mwekezaji, nao ulikuwa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya nchi moja ya mbali, nchi ya mchanga na mafuta, mfuko ambao tayari ulikuwa na sehemu kubwa katika makundi ya mashirika ya ndege ya Ulaya na Asia. Mpango ulikuwa kuunda kampuni moja mpya. Hisa zetu za zamani zingefutwa, kila mtu angepewa za kampuni hiyo, na karibu nusu ya kampuni ingekuwa ya ule mfuko. Tulitumiwa kitabu cha kurasa mia moja na nne tukisome, kisha twende tukapige kura. Mimi nina hisa mia sita, nilikisoma na nikakipenda. Serikali ikiwekeza, nilisema kwa kinyozi, huwa na subira ambayo mfanyabiashara hana, haiulizi faida kesho asubuhi. Kinyozi aliniunga mkono, lakini kinyozi huwaunga mkono wote.

Wendy ndiye aliyemwonyesha mamake ukurasa wa sitini na moja. Alikuja Jumapili, wakala chakula, akakifungua kitabu mezani bila maneno mengi. Palikuwa na mistari minne tu. Ilisema matengenezo yote makubwa ya ndege yatahamishiwa kituo cha pamoja katika nchi ya mwekezaji. Karakana ya Nairobi ingebaki ya kubadilisha magurudumu na taa. Wendy alikuwa ameambiwa kwamba anaweza kuomba kazi huko ng'ambo, na mshahara ungekuwa mnono. Wale vijana arobaini hawakutajwa popote.

Siku mbili baadaye Mama Wendy alinikuta nimekaa na kikombe cha chai nje ya duka nililofungua nilipostaafu.

"Mwalimu," akasema, "kahawa tumepanda tangu nikiwa mtoto, na mpaka leo tunaiuza mbichi. Wanakaanga huko kwao, jina inakuwa yao. Sasa ndege tumejifunza kutengeneza sisi wenyewe, ati tuipeleke pia ikatengenezwe huko?"

Hakuwa akimkataa mwekezaji, naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye alisingiziwa mengi. Alimtaka huyo mgeni, na alizitaka ndege mpya. Alichotaka kiondoke ni ile mistari minne. Na njia yake ilikuwa rahisi: angewatafuta wote aliowajazia fomu, karibu watu mia nne, waende Nairobi wapige kura ya la mpaka mistari hiyo ifutwe. Vichwa tuko navyo, alisema.

Hapo nikacheka. Watu sita walikuwa wakisikiliza, na mwalimu hawezi kuona darasa akanyamaza. Nikamweleza kwamba kampuni si chama cha ushirika. Kwenye kampuni hisa ndiyo inayopiga kura, si mtu, na hisa zao wote zikikusanywa pamoja ni tone katika mto Sagana. Wale sita wakacheka, mimi nikacheka kuwashinda. Yeye alisubiri tumalize, akaniuliza kama kwenye huo mkutano watu watapanga foleni. Nikamjibu kwamba foleni haikosi. Akasema basi ataenda kupanga, akashika njia yake.

Alianza kazi wiki hiyo hiyo. Alirudi Mukurweini, akapanda boda boda kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, akiwatafuta watu kwa nambari zao za uanachama wa kahawa, ambazo alizikumbuka kuliko majina. Wengine walikuwa wamefariki. Wengine walikuwa wamesahau kabisa kwamba wana hisa, na vyeti vikatolewa ndani ya Biblia, chini ya godoro, na kwa mzee mmoja, kwenye fremu ukutani kando ya picha ya harusi. Waliohamia mji wa Kenol, kwenye barabara ya kwenda Nairobi, alimwachia Dedan, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda na sasa anauza magurudumu pale njia panda. Dedan alimpatia watu thelathini na wanne peke yake.

Habari haziendi kwa miguu. Wakubwa wa shirika walisikia kwamba kuna mwanamke Nyeri anayechochea wakulima, wakaanza kuuliza ni nani. Wendy akapiga simu. Alimsihi mamake aliache jambo hilo, na alipoona haliachiki, akaomba jambo moja dogo. Mama Wendy alinisimulia maneno yenyewe akiwa ananiangalia viatu, si uso.

"Mum, please, usiseme mimi ni mtoto yako. Watanitoa kazi."

Alikubali. Kesho yake alizunguka mtaani akituagiza, mmoja mmoja, tusimwite tena Mama Wendy. Tumwite Wakiuru, jina la usichana wake. Wajukuu wa watu walishangaa, akina mama wa kanisani waliteleza ulimi kila Jumapili, naye aliwasahihisha kila mara bila kukasirika. Mwanamke aliyechinja mbuzi kwa sababu mtoto wake ameandika jina kwenye karatasi, sasa analitoa jina la mtoto huyo kwenye lake mwenyewe ili mtoto asidhurike. Nilipoliona hilo, kicheko kiliniisha.

Nilichukua kile kitabu nikaenda mjini kwa wakili Munyao, Mkamba aliyekuja hapa akiwa karani wa korti, akasomea sheria baadaye, na hajarudi kwao. Nia yangu ilikuwa nzuri. Nilitaka amweleze Wakiuru ukweli kwa upole, asije akaaibika Nairobi mbele ya watu aliowasafirisha. Munyao naye alicheka niliposimulia. Akafungua kitabu, akapita kurasa, akafika nyuma kabisa kwenye herufi ndogo, akaacha kucheka. Alisoma mara mbili huku kidole kikifuata mistari.

Kwa sababu hisa za zamani zilikuwa zinafutwa, alinieleza, mpango wa namna hii haupiti kwa kura ya kawaida. Lazima ufike mahakamani, na kabla ya hapo vitu viwili vitimie. Wanaoukubali wawe na robo tatu ya hisa zitakazopiga kura. Na pia wawe zaidi ya nusu ya wapiga kura wenyewe, kila mtu akihesabiwa mmoja, mwenye hisa milioni na mwenye hisa mia mbili sawasawa. Mikutano kama hiyo, akaongeza, huhudhuriwa na watu mia mbili, mia tatu tu.

"Huyu mama alijuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia hakujua. Alidhani tu kwamba dunia yote inapiga kura kama kiwanda cha kahawa.

Nilimkuta Wakiuru akichagua maharagwe mlangoni kwake. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Hakushangaa hata kidogo kusikia habari ya Munyao, na hilo liliniudhi kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa bado nashangaa. Alisema tu kwamba amefurahi nimepata kusoma mpaka mwisho. Kisha akanipa daftari na kalamu, niandike orodha ya watakaosafiri, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Tulikwenda na mabasi saba ya kukodi ya shule na kanisa. Kenol tulimkuta Dedan na watu wake wamejipanga kando ya barabara kwa suti na kofia, utadhani wanakwenda kupokea mahari. Ukumbini Nairobi watu wa kampuni walituona tukiingia, tukizidi kuingia, na mmoja wao akaenda kutafuta viti. Wakulima hawakukaa. Walipanga foleni kuanzia mlangoni, kimya, vyeti mkononi, na Wakiuru alitembea kando ya foleni kuhakikisha kila mmoja ana kitambulisho.

Jioni mwenyekiti alisoma matokeo. Kwa hesabu ya hisa, waliokubali walikuwa asilimia tisini na tatu. Kwa hesabu ya watu, ndiyo mia mbili sitini na nane, la mia tatu arobaini na tatu. Hesabu hiyo ya pili aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Mpango ulikuwa umeanguka. Nilitazama zile kofia na vitambaa vya kichwa, watu ambao nilikuwa nimewaita tone, na nikasikia fahari ambayo sijaisikia hata siku mwanangu alipohitimu. Nilijivunia kwamba ninatoka kwao. Nilijivunia hata kucheka kwangu kwa kipumbavu, kwa sababu kulinipa nafasi ya kuona nilivyokosea.

Fahari hiyo haikutulisha muda mrefu. Magazeti yaliandika kwamba wakulima wamemfukuza mwekezaji. Hapa Ruring'u, watu waliompongeza Jumatatu walimnunia Ijumaa, wakisema shirika litakufa na ameliua yeye. Na huenda walikuwa sahihi. Mfuko ungeondoka, karakana ingefungwa yote, magurudumu na taa pamoja. Wendy hakupokea simu za mamake. Wiki ya tatu Wakiuru alikaa dukani kwangu muda mrefu bila kununua kitu.

"Mwalimu, kama nilikosea," akasema, "basi nimemtoa kazi na mkono yangu mwenyewe."

Nilimpa chai, naye akainywa.

Wiki ya sita mfuko ukamtuma mtu. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mpole, suti ya buluu, na alikuja na ofisa wa shirika wa kumtafsiria. Alitaka kuwaona waliokataa. Ukumbi wa kanisa hapa Ruring'u ulijaa hadi madirishani. Aliuliza nani anawasemea, na ukumbi mzima ukamgeukia Wakiuru, akasimama na kueleza habari ya ile mistari minne, bila hasira, mwanzo hadi mwisho. Yule mgeni aliandika. Kisha akamuuliza ana hisa ngapi. Mia mbili, akajibu. Akamuuliza kama ana mtoto anayefanya kazi katika karakana hiyo.

Watu wote mle ndani walijua, na nilimwona mama mmoja wa kanisani amejiziba mdomo na kiganja.

"Niko na watoto arobaini kila mwaka," Wakiuru akasema.

Ofisa akatafsiri. Mgeni akatikisa kichwa taratibu, akauliza kitu kingine: kwa hisa mia mbili, kwa nini mtu ajisumbue hivi, azunguke milima na kukodi mabasi.

"Hisa ni mia mbili," akajibu. "Lakini mtu ni mmoja, kama wewe."

Tafsiri ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mgeni alifunga kitabu chake, akainama kidogo kumwelekea, akasema atarudi na jibu. Watu hawakupiga makofi. Walisimama wote alipokuwa akitoka, kama wanavyosimama mzee akipita.

Kitabu kipya kilikuja baada ya miezi miwili. Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa sitini na moja, nikamsomea Wakiuru mara tatu kwa sababu aliniomba mara tatu. Matengenezo makubwa ya ndege za shirika yangeendelea kufanyika Nairobi kwa miaka kumi na tano, na karakana ingechukua vijana wasiopungua arobaini kila mwaka. Mfuko wenyewe ungeleta mitambo mipya. Mara ya tatu alinizuia kabla sijamaliza, akaingia ndani, na nikamsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake ya kuvuka mto.

Kwenye mkutano wa pili tulikwenda kupiga kura ya ndiyo. Mgeni wa suti ya buluu alisimama karibu na sanduku akiwasalimu watu, wakubwa wa shirika wakiwa pembeni yake. Safari hii wafanyakazi waliruhusiwa kusimama nyuma ya ukumbi. Wakiuru alikuwa katikati ya mlolongo, mbele yangu. Aliwaona wale wafanyakazi wakiingia, akageuza uso upande wa pili, kama walivyokuwa wamekubaliana.

Wendy aliondoka kwa wenzake. Alikuwa bado na ovaroli ya kazi. Alipita mbele ya wakubwa wake wote, akatembea kando ya ule mlolongo mrefu mpaka akafika kwetu, akamshika mamake mkono na hakuuachia. Mlolongo ukasogea, naye akasogea nao, hadi mbele ya sanduku. Mgeni alimtambua Wakiuru, akamsalimu kwa mikono miwili, kisha akauliza huyu fundi ni nani. Ofisa akafungua mdomo kutafsiri, lakini Wendy hakumngoja, akajibu kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya ukumbi.

"Huyu anaitwa Mama Wendy. Wendy ni mimi."

Mamake hakumkumbatia, si desturi ya watu wa rika lake mbele ya umati. Alimtazama kutoka viatu hadi kichwani, akainua mkono, akamfunga kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi.

"Sasa wamekuona," akamwambia.

"Wacha wanione," Wendy akasema.

Mama Wendy akaitumbukiza kura yake, akasogea kando ili nami nipige yangu.